Pale Wanapokaa Waliopigwa

Katika mji wetu wa Bukavu, ambako hata mtoto wa shule ya msingi anajua kulala sakafuni risasi zinapolia, kuna watu wanaotoa pesa zao ili wafyatuliwe. Nami nimo. Depo yetu ya dawa ilitupeleka Jumamosi moja, watu kumi na wawili, kwenye kiwanja cha kupigana kwa rangi kando ya barabara iendayo kijiji cha Miti. Mkubwa wetu alisema ni kwa ajili ya kutuletea umoja. Umoja gani kwa watu wanaofungia hata sukari ya chai kwenye droo? Lakini nilikwenda, kwa sababu asiyekwenda angekumbukwa siku ya kupunguza wafanyakazi.

Aliyetupokea ni Papa Zagabe, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye buti za mpira na sauti ya katekista. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wageni. Alitupanga mstari, akatueleza kwamba nguo nzuri kwa mchezo ule ni kuukuu, za mikono mirefu, ila zisiwe na madoadoa ya kijeshi hata kidogo, kwani askari wa barabarani hawatakuuliza kama unacheza. Barakoa ngumu ya uso haivuliwi ukiwa kiwanjani. Ikiingia ukungu, inua mkono ukae ulipo, yeye atakuja kukutoa. Usimfyatulie mtu aliye karibu nawe chini ya hatua kumi, nawe usiyetarajia maumivu, ujue yapo: kile kidonge cha rangi kinauma kama kofi la mama, na alama yake utaoga nayo wiki nzima.

Ukipigwa, inua mkono utoke. Alisema kwamba katika viwanja vingine mtu aliyepigwa husema amekufa. Kwake hapana. Alisema Mushi, yaani mtu wa kwetu Bushi, hajiiti maiti kwa mdomo wake mwenyewe, basi sisi tuseme tumetoka, twende tukakae kule. Kule kulikuwa pembe moja ya kiwanja, penye migomba michache na bamba la saruji chini yake, pamezungushiwa kamba. Ndani ya kamba ile hakuna kufyatua, na mtu akielekeza bunduki yake huko, hata kwa mzaha, mchezo wake umekwisha. Sheria nyingine alizisema mara moja. Hii aliisema mara tatu, na sauti ya katekista ilikuwa imemtoka.

Filimbi ikalia, bunduki ya kwanza ikapiga, na sisi sote kumi na wawili tukalala chini. Hakuna aliyeambiwa. Delphine, mpokea pesa wetu, mwanamke wa kilo tisini, aliingia chini ya tairi la kujifichia nusu ya mwili. Papa Zagabe akaja akapita katikati yetu bila haraka. Hakucheka. Alisema kila kikundi cha Bukavu kinaanza hivyo, wanaobaki wamesimama ni wageni kutoka Ulaya tu, kisha akatuomba tuinuke tuanze upya. Nilitamani kulia, sijui kwa aibu au kwa hasira ya kuona mwili wangu umejifunza somo lile vizuri kuliko masomo yote niliyolipiwa.

Sikudumu. Mkubwa wetu alinipiga paja, na nadhani aliifurahia kazi hiyo. Nikainua mkono, nikaenda ndani ya kamba. Dany na Elysée, wabebaji wa depo, walikuwa wametangulia, wamekaa kwenye saruji. Dany alikuwa anakwangua tope la viatu vyake kwenye ukingo wa bamba, na Elysée amemwaga maganda ya karanga juu yake. Nami nikakaa, nikaweka chupa yangu ya Fanta hapo hapo. Papa Zagabe akaja mbio kutoka kiwanjani. Akatutazama sote watatu, kisha akaniinamia mimi peke yangu.

“Maman, pardon, usiikale apo. Ikala apa ku majani.”

Nilimuuliza kwa nini mimi tu, lakini alikuwa ameshageuka kurudi kwenye mchezo. Nilikasirika. Nilidhani amenidharau kwa sababu mimi ni mwanamke. Lakini mchezo wa pili nilipopigwa tena nilikaa kwenye majani, na wa tatu vilevile, ingawa nilikuwa peke yangu na bamba lote lilikuwa wazi. Safari ile ya tatu alikuja akachuchumaa karibu nami, akanishukuru, akasema wale vijana wangemcheka tu, akanieleza.

Zagabe amezaliwa kwenye mteremko ule ule. Baba yake alimtolea mwenye kilima ng'ombe, ile desturi ya Bushi tunayoiita kalinzi: ukishatoa ng'ombe, ardhi ni yako na ya watoto wako, na cheti chako ni majirani walioona ng'ombe akipita. Wakalima maharage na mtama hapo. Zagabe alipokuwa kijana alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu, akakaa miaka sita mashimoni, akarudi na kikohozi na mabati ya kuezekea nyumba ya mama yake. Mama alikaa chini ya mabati yale mwaka mmoja na miezi michache. Mwaka 2009 Zagabe akamzika nyuma ya nyumba, migombani, kama watu wanavyozika. Alibeba saruji kichwani kutoka Kavumu, akaimwaga kwa mikono yake, akachonga msalaba wa mti mgumu na kuandika jina kwa ncha ya msumari uliochomwa motoni.

Kisha mwenye kilima akafa, na mwanawe akauza mteremko mzima kwa familia moja ya mjini, yenye karatasi na mihuri. Majirani walioona ng'ombe wakawa wamekufa au wamenyamaza. Nyumba ikabomolewa, Zagabe akapanga chumba Miti. Miaka mitatu iliyopita Carmel, binti wa wanunuzi, alirudi kutoka masomoni Ulaya na wazo la mchezo huu, akatafuta wafanyakazi. Mwanasheria wa familia akawatolea wote karatasi ya kutia sahihi: kwamba anayetia sahihi hana dai hapa, wala kaburi la mtu wake. Walijua wanachokiuliza. Kwetu, asiye na cheti, kaburi ndilo cheti chake.

Asubuhi ya siku ile, kabla ya mwanasheria kufika, Zagabe aliung'oa msalaba wa mama yake mwenyewe. Akaufunga kwenye gunia, akauweka chini ya kitanda chake, akaja akatia sahihi. Aliona kwamba asipoajiriwa yeye, ataajiriwa mwingine, na mama atapigwa rangi kila Jumamosi na watu wasiojua. Akiwa ndani, angalau atamlinda. Ndipo akamshauri Carmel kwamba waliopigwa wakae pembe ile, chini ya kivuli, na kusiwe na kufyatua hapo.

“Nilifikiri asema, apo hakuna bunduki, mama atapumuzika,” aliniambia. “Sikufikiri bale benye kutoka bataikala wapi.”

Nilimwambia amweleze Carmel. Alinitazama kama mtu anayemvumilia mtoto.

“Nikisema, njo nimesaini bongo. Batatosha mama, batatosha na mimi.” Yaani sahihi yake itaonekana ya uongo, wamfukue mama na yeye wamfukuze.

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi ni mtu wa kutengeneza mambo, ndugu zangu wote watakuambia, na ugonjwa huu haujaniacha. Wakati wa kuondoka nilimwendea Carmel, msichana mpole tu, mwenye adabu, aliyekuwa akitugawia maji. Nikamsifia kiwanja. Nikamwambia kitu kimoja tu kinapungua: kule kwa waliopigwa pawekwe viti, watu wasikae kwenye ile saruji, inatia baridi. Angepatia mahali pale heshima kidogo, nikasema, pafanane na makaburi kidogo, ili watu watulie. Ningeweza kuishia kwenye viti. Carmel alicheka, akasema ni wazo zuri sana, akaliandika kwenye simu yake. Nilirudi Bukavu nikijiona nimemsaidia mtu.

Baada ya miezi minne depo ilitupeleka tena. Viti vilikuwepo, virefu, vya mbao. Juu ya kamba palikuwa na kibao chekundu kimeandikwa CIMETIÈRE, yaani makaburi, na misalaba mitatu ya mikaratusi imepachikwa mshazari, imemwagiwa rangi ili ichekeshe. Wa nne ulikuwa umesimama wima kwenye kichwa cha bamba. Ulikuwa wa mti mgumu, mweusi kwa miaka, bila tone la rangi: NSIMIRE M'MURHULA, 1948–2009.

Wenzangu waliupenda kuliko yote. Dany alilala juu ya bamba akakunja mikono kifuani, Delphine akapiga magoti pembeni akajifanya anaomboleza, kwa zile sauti tunazozitoa kwenye matanga, na wengine wakapiga picha. Mimi niligeuka nikawaacha. Lawama nilijua ni ya nani.

Nilimkuta Papa Zagabe akipanga barakoa mezani. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza akiwa anapangusa vioo kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine. Carmel alimwagiza misalaba minne, alisema. Mitatu ameichonga. Wa nne alikuwa nao.

“Sasa iko ku nafasi yake,” alisema. “Mwenye anacheka, acheke.”

Carmel akaja na simu mkononi, amefurahi kwa namna wageni walivyofurahi. Akamwambia Papa Zagabe kwamba ule mmoja umemshangaza, unafanana kabisa na wa kweli, hata mwaka ameuweka. Akamuuliza jina lile amelitoa wapi.

Zagabe aliweka barakoa aliyokuwa ameishika, akaipanga sawa na nyingine.

“Nilitunga tu, madame.”

Kisha akachukua filimbi yake, akaenda kuwapanga wageni mstari.