Kifaru cha Bi Hamdiya

Hamdiya binti Muhannad alianza kufungua saa akiwa na miaka kumi na moja, kwenye fremu ya baba yake, kiduka cha kutengeneza saa, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Watu walimsikitikia mzee Muhannad wakidhani hana mtoto wa kiume wa kumwachia kazi. Alikuwa naye, Ghassan, ila Ghassan alikuwa akikaa kitini dakika kumi macho yakiwa nje, na saa haitaki mtu wa namna hiyo. Baba yao alipofariki, fremu ikabaki ya wote wawili kwenye karatasi. Lakini kiti cha nyuma ya kabati la kioo kilikuwa cha Hamdiya, na kwa miaka thelathini na kitu hakuna mwingine aliyekikalia.

Mwaka jana, asubuhi moja ya mwezi wa pili, alikuwa anarudisha skrubu kwenye saa ya kike, ndogo kama kifungo cha shati. Skrubu ikamdondoka. Akaiokota, ikadondoka tena. Alipoinama mara ya tatu akaona kibanio chenyewe cha kushikia skrubu kiko chini sakafuni, na yeye hakuwa amesikia kikimtoka mkononi.

Jirani yake, Gaudens, Mchaga ambaye mtaa mzima humwita Mangi, anayeuza midoli na magari ya kuchezea kwa jumla, alipita kuomba chenji akamkuta mdomo umekwenda upande. Hakuuliza maswali. Alimbeba hadi kwenye bajaji na kumkimbiza hospitali, Upanga, na fremu yake mwenyewe akaiacha wazi.

Ilikuwa kiharusi. Wiki ya pili mdomo ukarudi mahali pake. Mguu nao ukarudi, kwa kuburuta kidogo. Mkono wa kulia, ule wa kazi, ukabaki umening'inia kama wa mtu mwingine.

Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mpole aitwaye Jovitha, alimwambia, "Mama, mkono huu haujafa. Ila ukiuacha upumzike, utazoea kupumzika. Utafutie kazi ndogondogo kila siku." Akampa mpira wa kuminya, akamwonyesha na namna ya kuhamisha maharage kutoka bakuli moja kwenda jingine, punje moja moja.

Hamdiya alihamisha maharage pale nyumbani Magomeni hadi akayachukia hata yakiwa mezani yameungwa nazi. "Nilikuwa nafungua saa za watu," alimwambia binti yake, Anfal. "Leo kazi yangu kuyasumbua maharage."

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Ghassan alikuja kumjulia hali. Alileta juisi ya ukwaju, akakaa, akazungukazunguka kwa habari za ndugu, kisha akalitoa lililomleta.

"Dada, umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika. Ile fremu tuigeuze ya simu. Vioo, chaji, makava. Nitaisimamia mwenyewe, wala hutasumbuka na kitu."

Hamdiya alijua kaka yake hasemi kwa ubaya. Hicho ndicho kilichomuuma zaidi, maana mtu anayekuonea huruma hupati pa kumjibia.

"Nipe mpaka Maulidi," alisema.

"Miezi mitatu, dada? Ya nini?"

"Nipe tu."

Ghassan akakubali, lakini alipoagana na Anfal mlangoni Hamdiya alimsikia akinong'ona, "Usimwache ajitese."

Siku chache baadaye akaja Gaudens, ana boksi kubwa kwapani.

"Mangi, umeniletea zawadi?" Hamdiya alimuuliza.

"Nimekuletea balaa, dada. Mzigo wa China umefika, kwenye katoni za magari nimekuta boksi hili. Sikuliagiza. Nilipofungua nikadhani limevunjikia njiani."

Ndani mlikuwa na plastiki ya kijani iliyokolea, vijiti na vijiti, na kwenye kila kijiti vimeshikilia vipande vidogo, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Juu ya boksi palichorwa kifaru cha vita, kile cha minyororo na mzinga. Pembeni iliandikwa vipande elfu moja na mia moja.

"Wateja wangu wanataka kitu mtoto akitoe kwenye boksi kipige honi," alisema Gaudens. "Hiki mpaka ukijenge. Nikasema, Kariakoo nzima mtu wa kukaa na kitu hiki ni mmoja tu."

"Huyo mtu alikuwepo, Mangi. Hayupo tena."

"Basi akirudi mpe." Akaliacha boksi juu ya meza, akaaga.

Lilikaa pale siku tatu. Siku ya nne Hamdiya akakitoa kitabu cha michoro. Maandishi yote ya Kichina, lakini namba na mishale anaijua kila mtu aliyewahi kufungua mashine. Akafuata kwa macho ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika mwisho akamwambia Anfal, "Kesho tunaenda Kariakoo. Meza ya hapa iko chini mno."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Anfal alimfikisha kwenye fremu kabla ya kwenda kazini kwake, na Hamdiya akafungua mlango nusu, ili wenye saa zao za zamani waje wachukue. Kazi mpya hakupokea. Alivaa lenzi yake jichoni, akawasha taa, akaanza.

Kila kipande kilitakiwa kukatwa na koleo ndogo, kupigwa msasa palipobaki kovu, kisha kuguswa na gundi nyembamba kama maji. Alifanya yote kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliulaza juu ya meza na kuutumia kama jiwe, kukandamizia kitu kisikimbie. Siku ya kwanza aliunganisha vipande vinne, akarudi nyumbani shingo imekaza kama ubao. Wiki nzima ikampa sakafu ya kifaru na magurudumu ya upande mmoja.

Magurudumu yalikuwa matano, na hapo ndipo alipokwama. Yalipokauka aliona kati ya la kwanza na la pili pana pengo kubwa, na mengine manne yamekaa jirani jirani. Akageuza kitabu huku na huku. Mchoro ulikuwa mdogo na kivuli kimeufunika. Akaamini ni mkono wa kushoto uliomponza, kwamba amelibandika la kwanza mbele mno. Kama hata gurudumu linamshinda, saa ataigusaje? Akachukua kisu ili alibandue.

"Hodi, fundi."

Mlangoni alisimama mzee mrefu mwenye kofia ya kufuma na fimbo. Alikuwa Mwinyimvua, mteja wa mtaa wa Gerezani aliyeacha saa yake tangu mwezi wa kwanza.

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nilisikia unaumwa, nikaona nisikusumbue na..." Macho yalikuwa mezani. "Unafanya nini na hicho kisu?"

"Nimekosea hapa. Gurudumu nimeliweka mbali."

Mzee akavuta stuli bila kukaribishwa, akakaa, akauangalia uso wa ile plastiki kwa muda mrefu sana.

"Weka kisu chini," alisema taratibu. "Hujakosea. Kiko hivyo. Pengo hilo hapo mbele ndilo tulilokuwa tunakijulia hata kwa mbali, kabla hujaona mzinga. Mimi nimekiendesha hiki miaka kumi na saba."

Hamdiya alimjua mzee huyu miaka mingi, kwa saa yake tu. Hakujua kwamba aliwahi kuwa mwanajeshi.

"Dereva anakaa wapi?" aliuliza.

"Hapa, mbele, kushoto. Unaingia kwa kifuniko, ukishaingia huwezi hata kunyoosha mguu. Jua likiwaka humo ndani unatoka umelowa kama uliyetumbukia kisimani." Akagusa kwa ncha ya kidole mahali ambapo kifuniko kilikuwa bado hakijabandikwa. "Nyuma wanaweka gogo, umeliona? Watu wanadhani ni pambo. Siku moja tulizama kwenye tope mpaka hapa, na gogo ndilo lililotutoa. Unalifunga kwenye minyororo, kinalikanyaga, kinajinyanyua chenyewe."

Alieleza hadi adhana ya adhuhuri. Alipoondoka alisahau kuchukua saa, na kesho yake akarudi, si kwa ajili ya saa.

Kuanzia hapo wakawa wawili. Mwinyimvua macho yake hayakuona tena vitu vidogo, hivyo hakugusa gundi. Kazi yake ilikuwa kutafuta namba ya kipande kwenye vijiti, Hamdiya akimtajia, na kusema hapana pale mchoro ulipowachanganya. Mara nyingine alisimulia, mara nyingine alitafuta vipande tu, na Hamdiya hakumhimiza. Siku moja alisema kwamba wenzake watatu wa ndani ya kifaru wote wameshatangulia, na nyumbani hajawahi kukuta mtu wa kumweleza habari za gogo.

Mwezi wa saba ulipokuwa unaisha, kipande kimoja kikapotea. Ilikuwa ndoana ya kuvutia kifaru kikikwama, ndogo kama kucha ya mtoto mchanga. Mkono wa kulia ulishtuka wenyewe, kama unavyofanya mara kwa mara, ukagonga kibanio, na ndoana ikaruka hadi nje kwenye korido, kwenye miguu ya watu na mikokoteni ya marobota. Mzee wa watu alipiga magoti kuitafuta. Hata Gaudens alitoka na tochi. Haikuonekana.

Hamdiya akafungua droo ya vyuma vya saa. Akatoa kipande cha utepe wa spring ya saa ya mezani, akakipasha kwenye kibiriti hadi kikalegea, akakikata, akaanza kukikunja. Alikazana hivyo kwa dakika ishirini, ulimi umebanwa kati ya meno, kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni.

Anfal alipokuja kumchukua alisimama mlangoni. Mwinyimvua alijiwekea kidole mdomoni, kumwambia anyamaze.

Ndoana ilipokaa mahali pake, Hamdiya akainua kichwa. "Mbona mnaniangalia?"

"Mama," alisema Anfal, "kibanio kiko mkono gani?"

Kilikuwa mkono wa kulia. Hakujua ni lini kilihamia. Mara tu alipokiangalia, kikaanguka. Lakini kilikuwa kimekuwepo, na watu wawili wamekiona. Anfal aligeuka akajifanya anafunga dirisha.

Baada ya hapo ikabaki minyororo. Kila mnyororo ulikuwa na pingili tisini, na kila pingili ilipaswa kushikana na mwenzake kwa namna ambayo mnyororo ukisukumwa, uzunguke. Gundi ikizidi tone, umekufa. Hapa mkono wa kushoto peke yake haukutosha, maana pingili mbili lazima zishikwe kwa wakati mmoja. Hamdiya alijiwekea pingili kumi kwa siku. Kuna siku alifanya tatu. Kuna siku alikata zote za jana akaanza upya. Jovitha, alipoupima mkono mwezi wa nane, alimwomba abane karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada, akaivuta, na ikakataa kutoka. Akaandika kitu kwenye faili, akaivuta tena.

Wiki ya Maulidi Ghassan alikuja kwenye fremu kama walivyoahidiana. Kwenye kabati la kioo alikikuta kifaru, kimepakwa rangi ya kijani na kuchafuliwa tope la rangi kwenye minyororo, maana Mwinyimvua alikataa kifaru kisafi. Ghassan akainama. Akakisukuma kwa kidole, na pingili zote mia na themanini zikatembea.

"Nani amekutengenezea?"

"Mimi. Na mzee huyu," alisema, akimwonyesha Mwinyimvua aliyekuwa pembeni.

Ghassan alikaa kwenye stuli. Aliangalia mkono wa dada yake, akaangalia kifaru, akajifuta uso kwa kitambaa.

"Basi fremu yako," alisema. "Sitaigusa."

"Ngoja kwanza," Hamdiya akamwambia. "Sitakudanganya. Saa za kike siziwezi. Nimejaribu moja juzi, nimeirudisha kwa mwenyewe ikiwa vilevile. Labda nitaziweza, labda basi. Saa za ukutani naziweza, za mezani naziweza, za mkononi zile kubwa pia, polepole. Mchana nachoka. Chukua upande wa mbele uweke simu zako. Mimi niachie meza na taa."

Walielewana hivyo, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Mbele kuna makava ya rangi zote na muziki wa Ghassan, ambao dada yake humwamuru aupunguze. Nyuma, hadi saa saba mchana, Hamdiya anafanya kazi.

Mwezi uliopita Jovitha alimtumia mgonjwa mwingine aje azoeshe mkono, Ignasi, mchomeleaji wa mageti ambaye kiharusi kilimkamata mkono wa kushoto. Ni mtu mnene, mwenye aibu, na alikaa ukingoni mwa stuli kama anayesubiri kufukuzwa, akivitazama vipande vya plastiki vya boksi jingine mezani.

"Mama, mimi nimezoea vyuma," alisema. "Hivi vidogo nitaviponda."

"Utaviponda," Hamdiya alikubali. "Vitano, sita hivi vya kwanza. Leta mkono hapa juu ya meza. Huo huo, si ule mzima."