Mkataba Uliokwenda na Kahawa

Kusoma sikusoma sana. Nilitolewa skuli Unguja nina miaka kumi na mmoja, na kuandika kwangu ni kwa kujikokota. Lakini mie sisahau. Watu waliokaa sablani kwetu, chumba cha kupokelea wageni, siku ile, nayajua majina yao na ya baba zao, na nani alikaa karibu na mlango. Majina nitayaacha, kwa sababu wengine wana watoto, na watoto hawana kosa.

Tunakaa Ibra, mji wa bara, mbali na Maskati. Baba wa mjukuu wangu alikufa mtoto akiwa bado ananyonya, mama yake akaja kuolewa Nizwa, mtoto akabaki kwangu. Akakua na mpira. Alicheza kiungo. Mie mpira siujui sana, lakini kiungo namjua, kwa kuwa kaka yangu alicheza nafasi hiyo hiyo Mnazi Mmoja kabla hatujahama. Wenzake wanakimbia, yeye anatazama, halafu mpira anautoa pale unapotakiwa. Mjukuu wangu akisimama, mchezo mzima unasimama. Hata watu wa Sur, ambao hawatupendi uwanjani, walikuwa wakilitaja jina lake.

Alipofika miaka ishirini na mitatu, klabu moja ya nchi jirani ikamtaka kwa miaka mitatu. Alikwenda Nizwa kuonana na wakala, akarudi na karatasi ndani ya faili la plastiki, akakaa chini miguuni pangu, akanisomea.

Nikamwambia, "Rudia."

Akarudia.

"Pesa zote hizo kwa mwaka?"

"Kwa mwezi, Bibi."

Kwanza nilicheka. Halafu nikakasirika, wala sijui kwa nini. "Daktari anapata hizo?"

"Hapati."

"Na mwalimu aliyekufundisha kusoma hiyo karatasi?"

"Hapati, Bibi."

"Basi wewe kwa kupiga mpira unastahili nini? Kaka yangu walimpa kazi bandarini, mpira ukaisha kazi ikabaki, tukala nyumba nzima."

"Kaka yako alikuwa anacheza Ijumaa na Jumapili, Bibi. Sisi tunacheza kila siku." Akalitia faili chini ya mto. "Huu mkataba wanataka jibu Alkhamisi."

Jumatano, baada ya Alasiri, wakaja watu wa klabu yetu. Watatu: mwenyekiti, mwalimu wa timu, na mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa rafiki wa marehemu mume wangu. Nyumba yetu haikuwa na mwanamume mkubwa, kwa hiyo nilijitanda vizuri nikakaa kwenye kizingiti cha sabla. Mjukuu wangu ndiye aliyeshika dele la kahawa, maana mdogo ndiye anayemimina. Tende zikaliwa. Kahawa ikamiminwa. Mwenyekiti akakiweka kikombe chake chini, hakukionja. Mzee naye akaweka. Mwalimu naye.

Kila mtu wa huku anajua maana yake. Mgeni akiweka kahawa chini ana haja, na hainywi mpaka apewe. Akitoka bila kunywa, mtaa mzima utasema nyumba ile ilimrudisha mtu na kikombe kimejaa. Aibu hiyo hata wajukuu hutajiwa.

"Kunyweni, jamani, inapoa."

"Hatunywi, Mama, mpaka utupe tulilojia."

"Mmejia nini?"

"Kijana," mwenyekiti akasema. "Asitoke. Msimu huu bila yeye tunashuka daraja, wallahi. Na sisi hatutamwacha hivi hivi. Tutamtafutia kazi ya serikali, ya kudumu, yenye pencheni. Mwezi mmoja, miwili."

"Kazi ya ofisini?"

"Ofisini, Mama, na kiyoyozi."

Mzee akaongeza, "Zile pesa za huko ni za kulevya. Mtoto atarudi hakujui wewe."

Sisi Unguja tulitoka na sanduku moja. Duka, nyumba, minazi, vyote tulivyodhani vyetu vilibaki. Tangu hapo kitu ninachokiamini ni karatasi yenye muhuri wa serikali na mshahara wa mwisho wa mwezi, hata uwe mdogo. Na pale mbele yangu vikombe vitatu vimekaa, vinapoa.

Nikasema, "Kunyweni kahawa yenu. Mmepata."

Wakanywa wote kwa pamoja. Mzee akanisifu, eti nyumba hii bado ina watu. Mjukuu wangu akawamiminia tena. Walipoondoka alitoka nje, akasimama karibu na tangi la maji, akampigia simu yule wakala. Nilimsikia kwa Kiarabu akiomba radhi, mara tatu, kwa adabu.

Timu haikushuka. Walimbeba begani siku ya mwisho, na mie nikapelekewa halua. Katika harusi nilikuwa nikisema kwa sauti, nisikike: hakuna mtu anayestahili pesa kama zile kwa kupiga mpira, wangu nimemzuia, anangoja kazi.

Akangoja. Mwezi, miwili, mwaka. Mwenyekiti muda wake ukaisha, akaja mwingine, akatuambia ahadi ile ilikuwa ya mtu mwenyewe, si ya klabu. Tulipomtafuta mtu mwenyewe, akawa hapokei simu. Msimu uliofuata goti la mjukuu wangu likapinda vibaya. Wakampasua Maskati, akarudi anatembea, lakini mguu haugeuki tena kama zamani. Sasa ana miaka thelathini na mbili na anaendesha teksi, Ibra mpaka njiapanda ya Bidbid. Akingoja abiria anaufungua mlango, anaunyoosha ule mguu nje kwenye jua.

Mwaka huu klabu imemleta mchezaji wa kigeni. Kiungo. Habari nilizikuta sokoni Jumatano, kwenye soko letu la wanawake, ambako wanaume hawaingii na maneno hayakatazwi.

"Wamempa nyumba, gari, na mshahara wa mawaziri wawili."

"Kwa mguu gani huo?"

"Wa kushoto. Wa kulia wamepewa zawadi."

"Basi waambieni na mie ninalo goti. Linalia tu, lakini lipo, nitawauzia!"

Tukacheka, na mie nikacheka. Ndipo muuza vitambaa, mtu mzuri, hakukusudia ubaya, akanigeukia: "Bi mkubwa, si wewe uliyekuwa ukisema hakuna anayestahili pesa zile? Hebu wape somo hawa."

Wote wakanitazama, halafu mmoja mmoja wakakumbuka mjukuu wangu anafanya kazi gani, wakainamia vitu vyao. Nikachukua kapu langu nikarudi nyumbani.

Mchana ule alikuja kula. Nikamuuliza, "Huyo mgeni wao, anastahili?" Nilitaka aseme hapana. Mji mzima unasema hapana.

"Anastahili, Bibi."

"Zote zile?"

"Zote. Mguu hauna pencheni. Anacheza miaka minane, kumi akiwa na bahati, halafu hizo hizo ndizo ale mpaka afe. Hawamlipi kupiga mpira tu. Wanamlipa na miaka ambayo hatacheza."

Alisema kwa upole, huku akichambua mwiba wa samaki. Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya lile faili, na angenieleza siku ile ile kama ningemuuliza badala ya kumsomesha habari za kaka yangu.

Sasa kuna jambo sikuliandika kule juu. Niliona aibu, nikalipita. Siku ile sablani, kabla sijasema mmepata, nilimtazama mjukuu wangu. Amesimama na dele mkononi, nyuma ya wageni, na akanitikisia kichwa. Kidogo tu. La, Bibi. Nilimwona vizuri. Nikageuza macho kwenye vikombe.

Miaka tisa hakuwahi kunilaumu. Nikiomba radhi alikuwa akisema, "Wewe hukujua, Bibi." Mchana ule, kwa ujinga wangu, kwa kutaka kuutua mzigo, nikamwambia, "Nilikuona ulivyotikisa kichwa."

Akaacha kutafuna. "Uliona?"

"Niliona."

"Mimi miaka yote najiambia bibi yangu hakuniona."

Alinawa mikono, sahani ikiwa nusu, akatoka. Nilisikia gari likiwaka.

Asubuhi ananiamkia shikamoo kama kawaida. Dawa zangu za presha ananiletea, ananiuliza nimelala vipi. Nimemwomba radhi upya, akasema amenisamehe, na mie najua anajitahidi. Lakini kula hali tena kwangu. Siku hizi anakula Bidbid, barabarani, kwenye mikahawa ya madereva. Kila mchana napika vya watu wawili, chake nakifunika kwa kawa, na ikifika Magharibi nakifunua nampelekea jirani.