Siku Nilipomuuliza Mama Mkwe Swali la Kumi na Nne

Chekeni tu jamani, aibu yenyewe nimeshaizoea.

Nilikuwa nimepata kazi ya kuuliza maswali katika utafiti uliotaka kujua kwa nini baadhi ya wenye virusi vya UKIMWI huku kwetu Masisi, mashariki mwa Kongo, wanapatwa upesi na kifua kikuu: ni moshi wa jikoni, ni kulala wengi chumba kimoja, au ni yale mengine ya faragha? Tuliuliza nyumba kwa nyumba, wagonjwa kwa wazima, ili kulinganisha, na sharti lilikuwa kwamba ukiangukia nyumba ya mtu wako, umpishe mwenzako. Kule Bihambwe mimi nikaangukia kwao Furaha, mchumba wangu, ambaye ng'ombe wa mahari yake walikuwa bado wanajadiliwa na wajomba, na kwa kuwa nilivaa kizibao kipya cha kazi na kadi shingoni (nilitaka Furaha anione, nifiche nini!), sikumpisha mtu; nikajiambia, mama yake hajawahi kuniona, atanijuaje?

Nikapewa kiti na maziwa. Mama akajibu ya moshi, akajibu ya kikohozi, kalamu inakimbia, roho imejaa raha, mpaka nikafika swali la kumi na nne, mdomo ukatamka wenyewe: tangu uolewe umelala na wanaume wangapi? Papo hapo Furaha akatokea na ndoo ya maziwa, akaniita kwa jina.

Yesu wangu! Kwetu mkwe hata macho hayainui mbele ya mama mkwe.

"Kumbe ni weye njo unataka mutoto wangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi jibu kwanza weye. Ulishaka jipimisha?"

Wiki nzima nilikuwa nahimiza watu wakapime, kumbe mwenyewe nilikuwa nakimbia majibu (mwanaume mzima!).

"Bado, Mama."

Wanawake waliokuja kununua maziwa walikuwa wamesimama penye ua, wakaangua kicheko. Mama akajifunga kitenge, akatangulia kwenda kituo cha afya, mimi nyuma yake, Furaha nyuma yangu, na wale wa maziwa nyuma yetu sote! Nilijua mahari imekufa. Kufika mlangoni akawafukuza wote, akamwambia muuguzi, "Mutupime sisi watatu, munianze miye. Swali lake iko muzuri, yeye tu njo hakukuwa muntu wa kuniuliza."

Majibu ni yetu wenyewe. Ila ng'ombe walipokelewa, na Furaha ni mke wangu.

Siku hizi nyumba ya watu wangu naipita mbio, na swali nisilolijibu mwenyewe simuulizi mtu. Lile la kumi na nne Mama hajanijibu mpaka leo, na sitamuuliza tena, ng'o!