Pikapu Iliyowashwa na Majirani

Enzi zetu pale Chanzuru, gari la nyumbani liliwashwa na majirani. Ufunguo ulikuwepo, umefungwa kwa uzi wa katani, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuzungushwa kidoleni na baba ili watu wajue anamiliki kitu. Stata ilikufa kabla sijaanza darasa la kwanza. Tangu hapo pikapu yetu ililala juu ya mteremko, pua ikitazama barabarani, na jiwe kubwa mbele ya tairi. Baba akitaka kwenda gulioni alisimama mlangoni akakohoa kwa nguvu. Kikohozi kile mtaa mzima ulikielewa. Watu walitoka, mwingine na mswaki mdomoni, mwingine kajifunga shuka, na akina mama wakiacha uji motoni. Mimi na dada zangu tulikuwa watu wa jiwe. Ukilitoa mapema unachapwa, ukichelewa unachapwa zaidi.

Mteremko wenyewe ulikuwa mvivu, bila kusukuma gari halikuondoka. Basi tulisukuma wote, mpaka baba alipopiga kelele, "Achia!" Alikuwa akijiambia mwenyewe, maana mguu uliokuwa kwenye klachi ulikuwa wake. Pikapu ilishtuka, ikapiga chafya, ikatutemea moshi mweusi, ikawaka. Tukashangilia kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea. Na kwa kuwa gari halikwenda popote bila kusindikizwa, tukaliita Bibi Harusi.

Jumamosi ilikuwa siku ya matengenezo. Baba alitandika gunia akaingia uvunguni, na kuanzia hapo ukitaka kuzungumza naye ulizungumza na viatu vyake vya matairi. Gasketi ilikatwa kwa karatasi ya boksi. Tangi la mafuta likivuja lilizibwa kwa sabuni ya mche, ndiyo maana marehemu mama alikuwa akificha sabuni kwenye debe la mahindi. Injini ikitakiwa kutoka, ilifungwa mnyororo ikaning'inizwa kwenye tawi la mkwaju, nasi watoto tukivuta huku tukiimba nyimbo za Shule ya Jumapili. Mchana tulikula viazi vitamu kwa mikono inayonuka petroli, tukishushia na togwa. Utamu wake sijaupata tena, nami nimeutafuta. Jumatatu mwalimu akikagua kucha, akifika kwetu alishusha pumzi tu na kusema, "Hawa ni wa Bibi Harusi," akapita.

Spea hazikuwepo, na zilizokuwepo zilikuwa mbali. Kwa hiyo gari lilipona kwa michango. Mlango wa kushoto ulitoka kwenye gari bovu la shamba la mkonge, wa kijani, wakati gari letu lilikuwa jeupe. Mbao za bodi zilitoka kwa seremala wa kanisani, masalio ya viti vya waumini, zikiwa bado na matundu ya misumari. Kiti cha mbele kilipochakaa na kubomoka, jirani yetu Mzee Rajabu, aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu, alileta benchi la behewa kuukuu alilopewa siku ya kuagwa. Baba hakuona aibu kuendesha viraka. Alikuwa akisema, "Gari ni la aliyelisukuma." Ndiyo sababu mgonjwa wa nyumba yoyote alilazwa nyuma kwenye godoro akapelekwa Kilosa mjini, au mpaka hospitali ya misheni kule Berega, na hakuna aliyeanza kwa kuuliza nauli.

Miaka ikaenda. Sisi tukaolewa, mama akatangulia, na baba akaanza kuona ukungu. Siku aliyompitia mbuzi wa watu bila kumwona kabisa, alishuka, akaweka ufunguo juu ya kabati, hakuugusa tena. Bibi Harusi akapandishwa juu ya mawe kando ya jiko, kuku wakahamia ndani. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja na mizani yao. Baba aliwaitikia marahaba kwa adabu, kisha akawaonyesha njia.

Mimi sasa naishi Mikumi, nina cherehani yangu karibu na barabara kuu, nashona mifuniko ya viti vya malori. Kila nikienda nyumbani nilimkuta baba amekaa palepale, uso kwenye ukuta. Ni mtoto wa jicho, akaambiwa, anasafishwa na mtu anaona. Mwaka huu tukasikia madaktari wa macho wangefika Berega wakati wa kiangazi, kwa siku chache tu. Nikamwambia nimeshazungumza na mwenye teksi. Akatikisa kichwa.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "mimi Berega nimepeleka watu. Sijawahi kupelekwa. Siku nikienda, nitakwenda kwa gari langu."

Alijua gari lake ni banda la kuku. Ilikuwa namna yake ya kusema hapana, nami niliogopa kweli, kwa sababu baba yangu akifunga mlango wa namna hiyo haufunguki kwa maombi.

Nina mwanangu Josia, amemaliza chuo cha ufundi wa magari. Kijana mzuri, ila ni wa siku hizi, hawezi kufungua nati moja bila kwanza kuipiga picha. Nikamwambia, "Nenda kwa babu yako, ufufue ile pikapu." Alikwenda na wenzake wawili, simu zimeegemezwa kwenye tofali zikiwaonyesha namna ya kufanya, na kila chombo walikiita "mashine". Siwezi kusema uongo, walifanya kazi. Waliwahamisha kuku, wakashusha injini chini ya mkwaju uleule, wakaosha kabureta, wakaleta stata nzima kutoka Morogoro. Kisha wakataka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Wakang'oa mlango wa kijani, wakatafuta mweupe. Wakaondoa mbao, wakachomelea bodi ya bati. Wakaweka viti viwili vyenye vishikio vya kichwa. Juu ya yote wakapiga rangi ya bluu inayong'aa, eti nyeupe imepitwa na wakati.

Nilifika zikiwa zimebaki siku chache madaktari waje. Josia alizungusha ufunguo, likawaka mara moja, kimya, hata mbwa hakuinuka. Tukamshika baba mkono tukampandisha. Akapapasa dashibodi. Akapapasa mlango. Akaegemea kile kiti chenye kichwa.

"Ni gari zuri," akasema. "La nani?"

Josia akacheka, akidhani ni utani. Baba akashuka, akatafuta fimbo yake, akarudi ukutani. Nililia pale nyuma ya jiko, wala sikujificha sana.

Na hapo nyuma ya jiko ndipo aliponikuta Bibi Salima, mjane wa Mzee Rajabu. Alikuwa amekuja kumjulia hali baba. Macho yake yakatua kwenye rundo la kuni.

"Eunike. Hilo si benchi la marehemu?"

"Shikamoo, Bibi. Ndilo."

"Marahaba. Mnataka kulipikia nini?"

Hakungoja jibu. Akalivuta benchi kwa mikono yake miwili, akalifuta majivu kwa upindo wa khanga, akalikalia katikati ya uwanja. "Mimi nimesukuma gari hili nikiwa na mimba kubwa," akasema. "Sasa nasikia linawaka lenyewe. Basi mzee atajuaje kama ni lake?"

Nilimwita mwanangu. Alilalamika, "Mama, likirudishiwa haya litakuwa kama viraka." Nikamwambia, "Ndivyo lilivyo. Chukua spana." Mlango wa kijani ukarudi mahali pake, na mbao za kanisani zikalazwa juu ya bati. Benchi nililishonea mfuniko mwenyewe, nikakesha na cherehani ya jirani. Rangi hatukuweza kuigusa, muda ulikuwa umekwisha.

Asubuhi ya safari tulilipandisha gari juu ya mteremko, jiwe mbele ya tairi. Nikamwomba Josia aache ufunguo usifanye kazi yake. Akanitazama kama mtu anayemhofia mama yake, lakini akakubali. Tukamkalisha baba kwenye benchi, upande wa mlango wa kijani. Alipapasa mbao za kiti. Kisha akatoa kichwa dirishani na kukohoa.

Mungu wangu, walitoka. Wazee wenzake waliobaki, wajukuu wao, Bibi Salima na khanga kiunoni akisukuma kwa kiganja kimoja kwa sababu kingine kimeshika fimbo. Mimi nilitoa jiwe, nimeshapata wajukuu lakini mikono ilikumbuka. Gari likaanza kuteremka, na sauti niliyodhani nimeshaizika ikapiga kelele kutoka ndani, "Achia!" Josia akaachia klachi. Bibi Harusi akashtuka, akapiga chafya, akawaka. Hata vijana walishangilia, simu zao zimesahauliwa mifukoni.

Siku hizi magari yamejaa Chanzuru. Mtu anabonyeza kitufe ndani ya geti lake, anaondoka, na jirani anajua amesafiri akiona vumbi tu. Ni raha, siwezi kuikataa, mgongo wangu unashukuru. Ila enzi zile hukuweza kwenda popote bila mtaa mzima kukuambia safari njema, nami naona tulikuwa matajiri bila kujua.

Bandeji ilitolewa Berega kesho yake. Baba alitoka nje taratibu, akasimama mbele ya pikapu yake, akaitazama toka taa mpaka bodi kwa lile jicho jipya. Nilisubiri machozi.

"Nani," akauliza, "amempaka Bibi Harusi wangu rangi ya pipi?"

Josia akainamisha kichwa. Baba akamshika bega, akamwambia Jumamosi aje na msasa.