Almasi Huangaliwa Barazani

Katika duka la sonara ninakofanya kazi, mjini Kahama, kuna taa ndogo nyeupe zilizopangwa darini kama gwaride. Kazi yake ni kudanganya kwa adabu. Chini ya taa zile hata kipande cha chupa ya soda kingepata mchumba. Sizilaumu. Nani asiyejipodoa akienda sokoni?

Mchumba wangu, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu huko Nyarugusu, alikuja kununua pete ya uchumba hapohapo dukani, maana kwenda kwingine kungekuwa kumdharau tajiri wangu. Alifuatana na baba yake mdogo. Huyu ukoo mzima ulikuwa umemteua mtaalamu, kwa kuwa alichambua mawe kwenye mgodi wa almasi mpaka akastaafu. Mimi sikuteuliwa chochote. Kwa desturi yao mchumbiwa hachagui pete. Kazi yake ni kupokea na kushangaa. Kwa hiyo nilisimama nyuma ya kaunta kuuza pete yangu mwenyewe, nimekunja uso kama karani wa posta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo sisi ni wateja tu. Usitujue."

"Siwajui, baba. Karibuni."

Tajiri wangu, ambaye babu zake walitoka Gujarati na Kisukuma anakijua kuliko mimi, alichekea ndani ya kikombe chake cha chai.

Nikaweka almasi mbili juu ya kitambaa cheusi. Bei zilikaribiana, ila moja ilikuwa pana na nyingine ndogo. Baba mdogo akaokota ile pana. Akaipulizia pumzi, akaipima uzito kiganjani, kisha akaikwaruza kwenye kioo cha kaunta yangu, krrr.

"Si chupa," akatangaza.

Hakuna aliyekuwa amesema ni chupa. Mkwaruzo upo hadi leo. Wateja hudhani ni unywele na hujaribu kuupangusa.

"Tunachukua hili. Pana kama sahani! Mkwe wetu akinyoosha mkono Kahama, Katoro wanamwona."

Mchumba wangu, mtu anayeshinda na mawe kutwa nzima, alitikisa kichwa kukubali bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

Hapa naomba nikueleze kitu, maana ni chepesi kuliko wanavyokifanya. Almasi iliyokatwa vizuri ni kama chumba chenye kuta za vioo upande wa chini. Mwanga unaingia juu, unagonga ukuta mmoja, unagonga wa pili, unarudi jichoni kwako. Ikikatwa bapa ili ionekane kubwa, mwanga unavujia chini kama maji kwenye chekeche, na katikati panabaki pamefifia kama jicho la sato aliyelala sokoni tangu juzi. Ikiachiwa kina kupita kiasi, katikati panaingia giza. Dukani huwezi kuyaona hayo kirahisi, maana taa zinapiga kutoka kila upande. Lakini nani anaishi dukani? Mimi ningeivaa pete ile jikoni penye balbu moja, kanisani karibu na nguzo, na kwenye sherehe chini ya turubai la bluu. Na lile pana lilikuwa sato wa juzi, linakuja kukaa kidoleni mwangu maisha yangu yote.

Nikasema ninachomwambia kila mteja. "Baba, tusogee barazani, tuliangalie kivulini."

Akainuka kwa madaha, jiwe kiganjani. Alipofika kizingitini akasimama. Mguu haukwenda. Halafu, polepole, akainua mikono yote miwili na kuitanua, kama anayesubiri kupekuliwa na mlinzi wa mgodi.

"Baba mdogo, twende," mchumba wangu akasema.

"Na jiwe mkononi?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tangu niajiriwe sijavuka mlango na jiwe. Hata la punje ya mtama."

Mtaalamu wetu alikuwa ameishi na almasi ujana wake wote, lakini mbichi, zisizokatwa, chini ya taa za mezani. Barazani hakuwahi kuiona hata moja.

"Basi rudi ukae, baba. Baraza tutakuletea humu ndani."

Nikazima taa zote.

"Unaniua," tajiri akalalamika, kisha akahamia Kisukuma. "Gete, kweli unaniua!"

Ukabaki mwanga wa mlangoni tu. "Liweke mbali na uso, urefu wa mkono," nikamwambia. "Ukiliinamia, kichwa chako kinalitia kivuli. Sasa lichezeshe taratibu. Hivyohivyo, unaweza kabisa."

Lile pana likawa la kijivu. Akashika lile dogo. Cheche zikaruka, zikahama upande, zikarudi. Alilitazama mpaka chai ya tajiri ikapoa.

"Kubwa limelala," akasema. "Hiki kidogo kinapumua." Kisha akakohoa. "Nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nampima muuzaji."

"Umenipima vizuri, baba."

Siku ya uchumba nilipokea na kushangaa kama ilivyotakiwa. Wanasema nilishangaa vizuri sana, hasa kwa mtu aliyeiandikia pete ile risiti.

Shangazi yake mchumba aliushika mkono wangu pale sebuleni, chini ya taa za rangi. "Mbona kadogo hivi?"

"Shangazi, humu taa zinadanganya," baba mdogo akadakia. "Tutoke barazani. Wewe mkwe, futa kwanza hayo mafuta ya pilau, yanalifunga macho."

Akanishika mkono wenye pete, akatangulia. Mlangoni alipunguza mwendo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuka.

Shangazi bado anasema ni kadogo.