Nilifuta Picha za Marehemu, Nikamsingizia Ndugu Yake

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitetee. Stima haikupotea, kompyuta haikuharibika, shetani hakunipitia. Ni mimi na ujuaji wangu!

Nina kaduka ka kuchapisha na kutoa nakala hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, ghorofa ya chini, mahali jua tunalisikia tu kwa watu. Kazi yangu kubwa ni vijitabu vya mazishi. Watu wetu wa magharibi mwa Kenya wakifiwa Nairobi, kijitabu huchapishwa huku kabla mwili haujasafirishwa nyumbani: picha, historia ya marehemu, nyimbo, na orodha ya watakaoongea.

Sasa, ile programu ya kupanga mafaili iliyokuja na kompyuta ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu. Lakini mimi niliiona ya watu wa kawaida! Nikaanza kutafuta nyingine mtandaoni. Ya kwanza ilikuwa safi na rahisi, nikaidharau. Ya pili ilikuwa nyeusi tititi, maandishi ya kijani, madirisha mawili ubavu kwa ubavu, na vitufe ambavyo sikujua hata kazi yake. Nikaichukua hiyo! Nilitaka mteja akiketi pale adhani naweza kuingia kwenye mitambo ya serikali. Maelezo yake sikusoma hata mstari mmoja.

Jumanne moja asubuhi akaja Mama Brayo. Mumewe alikuwa amefariki, na mwili ulikuwa uondoke Alhamisi. Akanipa flashi.

"Kijana wangu, picha zote za Baba Brayo ziko hapo. Shemeji yangu Wycliffe ndiye alikuwa nazo. Mimi hata sijaziona."

Wycliffe ni mdogo wa marehemu. Picha zilikuwa kwenye simu yake iliyoharibika; fundi alifaulu kuzitoa, akaziweka kwenye hiyo flashi, kisha simu ikazima kabisa. Nakala nyingine haikuwepo duniani.

Nikafungua. Dirisha la kushoto flashi, la kulia folda mpya ambayo bado haikuwa na kitu. Picha niliziona kwa macho yangu, nikazifunga kabla mama hajavuta kiti karibu: harusi, kwaya, marehemu na ovaroli ya kiwandani akicheka. Mtu mwenye akili angezinakili, basi. Mimi nikabonyeza kitufe cha kufananisha pande mbili, ili mama aone mishale ikikimbia. Programu ikaniuliza swali refu. Nikajibu ndiyo bila kusoma, maana nilikuwa namtazama mama nione kama ameshangaa.

Lo! Mishale ilienda upande mbaya. Badala ya folda kujaa kama flashi, flashi ikabaki tupu kama folda. Nikakimbilia kikapu cha taka cha kompyuta. Hakuna kitu!

"Ziko sawa?" mama akauliza.

Jamani, hapo ndipo ningesema. Lakini nilikuwa nimejifanya profesa dakika moja iliyopita, aibu ikanikaba. Nikasema, "Mama, hii flashi haina kitu. Imekuja hivi hivi."

Akajipiga paja. "Nilijua! Huyo Wycliffe amemwonea mume wangu wivu tangu zamani!" Akampigia simu pale pale, akiwa ameweka spika hata mimi nikasikia.

"Shemeji, haki ya Mungu niliweka! Niliona fundi akiziweka!"

"Basi leta hiyo simu yako."

"Simu si ilikufa, shemeji?"

"Waongo wote simu zao hufa," mama akasema, akakata. Akanigeukia. "Kwa orodha ya kuongea, toa Wycliffe."

Na mimi, kwa vidole hivi hivi, nikalifuta jina lake! Mahali pa picha nikaivuta ile ndogo ya kitambulisho cha marehemu, alichokuwa nacho mama, hadi marehemu akafanana na mtu anayetafutwa na polisi. Mnajua kwetu ndugu asiposhika maikrofoni mazishini maana yake ni nini. Kijiji kizima kinaanza kuuliza alimfanyia nini marehemu.

Halafu nikajifanya mwema. Nikamjazia mama flashi ile ile nyimbo za maombolezo, bure, eti ndiyo pole yangu. Mjinga mimi! Picha zilizofutwa zinaweza kurudishwa iwapo hujaandika kitu kingine juu yake. Mimi nilizifunika na kwaya tatu nzima.

Wiki mbili baadaye Wycliffe akaingia dukani na flashi ile ile mkononi, aliyorudishiwa na shemeji yake. Alikuwa amekonda.

"Niaje, mkubwa. Wanasema wewe unajua hizi vitu. Nitolee hata picha moja tu. Huko nyumbani wananiita mchawi, bro."

Nikajaribu. Majina ya mafaili yakatokea moja moja. Picha zenyewe zikakataa kufunguka. Wycliffe akaruka kutoka kitini.

"Si unaona! Si unaona zilikuwa! Sasa nani alizifuta?"

Nilitaka kusema flashi huzeeka. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini yule mtu alikuwa anafurahia majina ya picha kana kwamba amepewa picha zenyewe, na roho iliniuma sana.

"Ni mimi," nikasema.

Hakunipiga, ingawa nilishajikinga uso. Alisema tu, "Funga duka. Twende useme hivyo mbele ya shemeji."

Tukapanda ngazi hadi ghorofa ya sita, kwa Mama Brayo, aliyekuwa amesharudi kutoka mazishini. Nikamwambia yote, hata ile sehemu ya kujionyesha. Alinisikiliza hadi mwisho, akamtazama Wycliffe.

"Siku ya mazishi alisimama nyuma ya hema," akasema polepole, "na watu waliokuja kula tu." Kisha akanigeukia. "Sasa unataka tufanye nini? Tumfukue Baba Brayo, ndio Wycliffe apewe maikrofoni?"

 

Wateja wa mazishi wamehamia duka la jirani, na wana haki. Wewe unayesoma hii, chagua programu unayotaka, ya kijani, ya zambarau, shauri yako. Lakini ikikuuliza swali, soma! Na ukiharibu, sema hapo hapo, mwenye mali akiwa bado ameketi mbele yako. Mimi nilingoja wiki mbili, na mtu huzikwa mara moja tu.