Mufuko wa Mbegu Juu ya Fuso

Kwetu Bihambwe, maharagwe yakiwa shambani ni ya mwanamuke. Yakifika barabarani yanakuwa ya mwanaume. Hakuna sheria inayosema hivyo, lakini jaribu kufanya vingine, utaona.

Mavuno yale nilikuwa na mutoto wa miezi mine mugongoni. Nilipalilia naye, nilivuna naye, nilipiga maharagwe naye. Nilitayarisha mifuko mitano ya kuuza. Wa sita ulikuwa mbegu: nilichagua punje moja moja, nikachanganya na majivu ili wadudu wasiingie. Kisha nikafanya ujinga. Nilichukua kalamu ya wino muzito nikaandika jina la bwana yangu kwenye mifuko yote sita. Njo desturi, na katika nyumba ile mimi njo mwenye kusoma.

Asubuhi Fuso ya mununuzi ilisimama chini ya kilima. Niliporudi kutoka kuteka maji, nikakuta nyumba tupu. Baba mukwe alikuwa amepakiza mifuko yote sita. Bwana yangu alimusaidia, eti hakutaka kumupinga muzazi.

Nikashuka kilima mbio. Bila mbegu ningepanda nini musimu unaofuata, mawe? Nikapanda gari na mutoto wangu mugongoni, nikaketi juu ya mufuko wangu.

Sasa, kwetu muke wa kijana wako hakai mahali pa juu kupita kichwa chako, weye baba mukwe. Wanaume wa barabarani wakapata mchezo.

"Mama, weye nawe uko muzigo? Tukupeleke Goma?"

"Munipime! Niko na uzito kuliko nyinyi wote."

Baba mukwe akagonga ubavu wa gari. "Unanipatisha haya mbele ya watu."

"Papa, haya iko kuuza mbegu. Mujukuu wako atakula nini?"

Mununuzi akasoma maandishi. "Mama, hii jina iko ya mwanaume."

"Niliiandika mimi. Fungua mufuko."

Nikasogea, akafungua, akaingiza mukono. Ukatoka wa kijivu mupaka kwenye kiwiko. Akageuka, si kwangu, kwa baba mukwe. "Papa, hii iko mbegu. Siwezi kuibeba."

Wakaushusha. Ningefurahi, sivyo? Hapana. Hasira ilinipanda zaidi kuliko mwanzo. Majivu yalisikilizwa, mimi, mwenye kuyachanganya, sikusikilizwa. Nikasimama palepale juu ya Fuso.

"Na hii mitano yenye kubaki, nililima mimi. Ongea na mimi."

Mununuzi akamutazama baba mukwe.

"Usimuangalie yeye! Muulize nilipanda namna gani ya maharagwe, kama anajua."

"Maharagwe ni maharagwe," baba mukwe akasema. Mutu mumoja akacheka, wengine wakamufuata, na safari hii hawakunicheka mimi. Bwana yangu alikuwa anatazama viatu vyake vya matope, bottes zake. Nilimungoja. Niliapa moyoni kwamba akinyamaza leo, atapika mwenyewe mupaka mavuno mengine.

"Njo yeye anajua," akasema polepole. Kisha kwa nguvu: "Papa, tumuache aongee. Njo yeye alilima."

Mununuzi akapangusa mukono kwenye suruali, akainua macho kwangu.

"Aya, mama. Yalikauka muzuri?"

"Siku sita kwenye jua, na kila jioni niliyaingiza ndani," nikamujibu. "Lete mizani huku, nione mwenyewe."